Vidonge vya Kiambi na Kiapo cha Beberu

Lenah Rwamba alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna dawa dukani mwake iliyoweza kuuponya, ugonjwa wa kuuliza. Ungeingia kununua dawa ya kichwa na haraka zako, naye angeegemea kaunta na kukuuliza kama umewahi kumeza dawa ikakukataa, kama unanyonyesha, kama kuna dawa nyingine unayomeza, na miraa unatafuna kiasi gani. Watu wa Mikinduri hawakuzoea kuhojiwa na mtu wanayempa pesa zao. Mimi nilikuwa nikiuza nafaka mlango wa pili, na malalamiko yote niliyasikia, kwa sababu mtu akitoka kwake amenuna alipitia kwangu kupimiwa maharagwe na kuniambia yaliyomkera.

"Huyu daktari ni polisi?" waliniuliza.

Niliwaeleza kwamba si daktari, ni mfamasia. Waliitikia, na kesho yake wakamwita daktari. Mwishowe hata mimi nilimwita hivyo.

Kilichowachekesha zaidi ni maneno aliyomwambia kila mteja akimkabidhi dawa. "Ukimeza hii halafu uone kitu huelewi, hata kama ni kidogo, rudi uniambie. Usinionee haya." Alitoka Runyenjes, upande wa Embu, na Kimeru chake kilikuwa cha kuvunja mbavu, kwa hiyo alisema nasi Kiswahili. Lakini hata angesema Kimeru cha nyanya yangu, hakuna ambaye angerudi. Kwetu mtu akikupikia chakula kikakusokota tumbo, huendi kumwambia. Unanyamaza, unaumwa kwako, na mkikutana unamshukuru. Dawa nayo tuliichukulia vivyo hivyo. Ikikudhuru unaitupa chooni na kuhamia duka lingine, mwenye duka asijue, asione aibu. Heshima hiyo, nawaambia mimi, imezika watu.

Siku moja mvua ilitufungia wateja, nikamuuliza kwa nini anahangaika na watu wasiotaka kuhangaikiwa. Akanisimulia habari za mdogo wake, Muturi. Baba yao, Ndambiri, alikuwa mkulima wa kahawa. Muturi aliugua sana alipokuwa mtoto wa kuanza shule, akadungwa sindano mfululizo, akapona. Alipoinuka kitandani alikuwa kiziwi. Kanisa likaomba. Majirani wengine wakasema ni mapenzi ya Mungu, wengine wakasema mama yake alimtukana mtu akiwa mjamzito, na mama wa watu akaishi na neno hilo. Miaka ikapita, Lenah akaenda chuo kusomea dawa. Mwalimu akasimama mbele ya darasa, akaitaja sindano ileile kwa jina, akasema inaweza kuua masikio.

"Mama Kithinji, nilitoka darasani bila ruhusa," aliniambia. "Nilikaa nje kwa nyasi nikashindwa hata kulia. Kumbe ilikuwa inajulikana! Na yule alimdunga Muturi hakuwahi kujua alifanya nini, kwa sababu hakuna mtu alirudi kumwambia. Sisi tulikuwa nyumbani tunaomba, na yeye huko anadunga mtoto mwingine."

Nikampa njugu akatafuna.

Sasa nije kwa Kiambi.

Kiambi alikuwa mkulima wa kule juu ya soko, mtu wa makamo, mpole wa maneno, mwimbaji wa besi kanisani. Jirani yake alikuwa mjane mmoja, Mukiri. Kati ya mashamba yao palikuwa na kipande chembamba chenye miraa mizee, ile tunayoiita mbaine, miti iliyopandwa na mababu na ambayo mpaka leo inasomesha wajukuu. Mukiri alisema Kiambi ameusogeza mpaka na kuimeza miti hiyo tangu mumewe alipozikwa. Kiambi alisema mpaka uko pale ulipokuwa. Chifu aliwasikiliza akashindwa. Mchungaji aliwaombea akashindwa. Wazee wa ukoo wakaamua kesi iende kwa beberu.

Kwa asiyejua, nthenge ni kiapo cha beberu. Beberu hupigwa mpaka afe, na wenye kesi hutamka kwamba anayesema uongo na ayapate yaliyompata yule mnyama. Baada ya hapo watu hurudi majumbani na kungoja. Sisi ni Wakristo, Jumapili tunajaza kanisa mpaka madirishani, lakini mtajie Mmeru nthenge uone kama hatatokwa na jasho. Aliyeapa uongo akishikwa na kiapo, haguswi. Anayemgusa kabla hajakiri na kutakaswa amejitwika laana hiyo mwenyewe. Mimi pia naiogopa, sitajifanya shujaa hapa.

Kiambi aliapa. Mukiri akaapa. Tukangoja.

Baadaye kidogo Kiambi alishikwa na homa na kikohozi kikavu, akaja kwa Lenah. Mimi nilikuwa pale nikiomba chenji. Lenah alimuuliza maswali yake yote. Umewahi kumeza dawa ya salfa? Hapana. Kuna dawa yoyote imewahi kukukataa? Hapana. Akampa vidonge vya salfa, akamweleza namna ya kuvimeza, akamwambia arudi akiona lolote. Kiambi akashukuru kwa adabu zake zote, akaenda.

Hakurudi. Na kanisani besi ikakosa mtu.

Halafu siku moja ya soko habari ikashuka kutoka juu kama maji ya mvua. Nthenge imemshika Kiambi! Muuza ndizi alimwambia muuza nyanya, muuza nyanya akaniambia mimi, na kufikia wakati huo wanawake walikuwa wameshika vinywa, bei hakuna anayeuliza. Mukiri, maskini, alionekana akirudi nyumbani analia. Alitaka miti yake, hakuwa ametaka maiti.

Niliingia kwa Lenah mbio. "Umesikia ya Kiambi? Beberu amemla. Anachubuka mwili mzima!"

Lenah alikuwa akipanga chupa rafuni, mgongo kwangu. "Anachubuka namna gani?"

"Kama kiazi kimechemshwa. Wanasema ukimgusa ngozi inabaki kwa mkono."

Sasa aligeuka. "Macho je? Mdomo?"

"Macho hayafunguki. Mdomo ni vidonda tupu, hata uji unapita kwa shida. Kwani nawe ulikuwa umesikia?"

"Sijasikia. Nimesoma." Alikaa kwenye stuli yake polepole. "Mama Kithinji, hiyo sio beberu. Hiyo ni dawa yangu."

Nilimtazama nikadhani amerukwa na akili. Nimefanya biashara sokoni tangu nikiwa msichana, na sijawahi kumsikia mtu akitangaza kwamba bidhaa yake imemchubua mteja. Niliusukuma mlango haraka ili wapita njia wasisikie. Yeye akaufungua tena, akatoa kufuli, akafunga duka zima, mchana, siku ya soko, watu wakiwa na pesa mikononi. Akanishika mkono. Alihitaji mtu wa kumwonyesha njia na kumsemea Kimeru. Tukapanda bodaboda moja sote wawili.

Nilichokiona kule simtakii hata adui. Kiambi alikuwa amelazwa ndani ya ghala la mahindi, peke yake, juu ya majani ya ndizi. Mlango ulikuwa wazi. Kikombe cha uji kilikuwa kimesukumwa ndani kwa fimbo ndefu, na fimbo yenyewe ilikuwa imeegemezwa ukutani ikingoja mlo wa jioni. Mkewe, Makandi, alikuwa amesimama mbali kidogo, leso mdomoni, macho yamevimba kwa kulia. Watoto walikuwa wamepelekwa kwa nyanya yao. Uso ule sikuutambua. Nilimjua kwa sauti tu, ile besi, sasa ikinung'unika bila maneno. Ngozi ya mgongo ilikuwa imebanduka na kubaki kwenye majani. Nasema wazi, nilishindwa kuingia.

Lenah aliingia. Akapiga magoti akamshika mkono.

Makandi alipiga ukemi. "Mwathani! Bwana Mungu! Mama, usimguse! Usimguse!"

Lenah hakuuachia. Aliangalia kinywa, akaangalia macho, kisha akauliza bila kugeuka, "Zile dawa alichukua kwangu, ziliisha?"

"Zako ziliisha," Makandi akasema. "Lakini anaendelea kumeza."

"Anaendelea?"

"Asubuhi na jioni, vile ulisema. Alipozidiwa nikaenda kemisti ya huko stendi nikanunua zingine kama hizo, tukamwongezea. Leo nimezisaga nikaweka kwa uji, kwa sababu ya koo."

Lenah aliinamisha kichwa juu ya ule mkono aliokuwa ameushika. Yule mwanamke alikuwa akimlisha mumewe kitu kilekile kilichokuwa kikimuua, kwa upendo wote, kwa ncha ya fimbo.

"Lakini mama," nikamuuliza, maana Lenah hakuweza, "ukiona ngozi inatoka hivi, unaongezaje dawa?"

Makandi alinitazama kana kwamba mimi ndiye mjinga. "Ya ngozi ni ya nthenge. Dawa ni ya kifua."

Wakati huo alifika Mzee Runji, mkubwa wa wale wazee, pamoja na ndugu wawili wa Kiambi. Runji alikuwa mzee wa sauti ndogo, na kwa hiyo watu walinyamaza sana akiongea.

"Binti, toka hapo ndani," akasema.

"Mzee, shikamoo. Huyu mtu anatakiwa hospitali saa hii."

"Ataenda akikiri. Akibebwa na kiapo mwilini atakufa njiani, na anayembeba atamfuata."

"Sio kiapo, mzee. Ni vidonge. Na ni mimi nilimuuzia, kwa mkono wangu."

Ndugu mmoja wa Kiambi akasogea mpaka mlangoni. "Kwa hivyo ni wewe umeua ndugu yetu?"

Nilitaka ardhi inimeze. Lenah alitoka akasimama mbele yake, mfupi kama alivyo, mikono imelowa maji ya vidonda. "Kesho unaweza kunipeleka kwa polisi, sitakimbia. Leo nisaidie kumbeba."

Hakuna aliyemsaidia. Alishuka barabarani mwenyewe akasimamisha pikapu ya miraa iliyokuwa ikirudi tupu kutoka Nairobi. Vijana wale hawaogopi kona, hawaogopi lori, hawaogopi kifo, lakini dereva aliposikia ni Kiambi wa nthenge aliwasha gari aondoke. Lenah akashika mlango. Alimwapia kwamba yeye atakaa nyuma na mgonjwa, na dereva hatagusa chochote ila usukani wake. Yule kijana akabaki, akatazama mbele tu, hakugeuza shingo.

Kumwinua Kiambi ndiko kulikokuwa na kazi. Lenah alishika upande wa kichwa, lakini wa miguu hapakuwa na mtu. Ndipo Makandi akatupa leso, akaingia, akashika shuka waliyompitishia chini. Na mimi, Mungu anajua, nilishika shuka katikati, nikiangalia juu. Wanaume wote walikuwa wamesimama uani wakitutazama kama watu wanaoangalia nyumba ikiungua.

Hospitalini walimtibu kama mtu aliyeungua moto. Daktari wa zamu alisema yaleyale, kwamba ni dawa imemkataa, na kwamba angelala ghalani usiku mmoja zaidi tungekuwa tunachimba kaburi. Kiambi alikaa huko muda mrefu. Siku aliyoweza kufungua macho na kusikiliza, Lenah alikaa kando ya kitanda akamwambia kwa Kiswahili, nami nikatafsiri kwa Kimeru neno kwa neno. "Salfa usiimeze tena maisha yako yote. Mahali popote ukienda, sema kwanza kwamba salfa ilikukataa. Ukirudia itakuua." Kiambi aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka. Kumbukeni kwamba aliitikia.

Lenah akaandika ripoti kwa watu wa serikali wanaofuatilia dawa. Nilimkuta akiandika, nikashika kiuno.

"Unajipeleka mwenyewe Nairobi ukafungwe? Si ungenyamaza, mtu amepona!"

"Ripoti sio kesi, mama. Hawaulizi nani mbaya. Wanauliza dawa gani, mtu wa namna gani, nini kilimpata."

"Na wakishajua?"

"Mimi hapa naona mmoja. Mwenzangu wa mji wa Maua anaona mmoja. Wa Runyenjes anaona mmoja. Kila mtu anafikiri ni mkosi wake peke yake, ananyamaza. Sasa nani atajua ni wangapi? Mficha uchi hazai."

Hapo alinifunga mdomo kwa methali, mimi niliyemfundisha nusu ya methali anazozijua. Lakini soko halikufungwa mdomo. Wengine walisema ana sumu dukani, si amekubali mwenyewe? Wengine walisema ameletwa kutoka Embu kumtetea mwizi wa miti. Duka la stendi, lililouza vidonge vilevile bila kuuliza mtu hata jina, likajaa mpaka nje. La Lenah likawa la kuingia nzi. Nilikasirika mpaka nikawa nawapimia watu maharagwe kwa ukali, na wengine nikawafukuza.

Kiambi aliporudi nyumbani, wazee waliitisha kikao uani kwake, viti vikaazimwa kanisani. Lenah aliitwa. Alifurahi, mtoto wa watu. Alidhani sasa ameitiwa kueleza watu habari za dawa, akajipanga njia nzima jinsi atakavyosema.

Ndugu mkubwa wa Kiambi alisimama kwanza. "Mmesikia daktari alivyosema hapahapa. Alisema ni dawa. Basi nthenge haikumshika ndugu yetu. Aliapa ukweli, na miti ni yake. Daktari, simama useme."

Niliona rangi ikimtoka Lenah usoni. Kabla hajasema neno Mukiri aliinuka, kitambaa kimemwanguka kichwani asikiokote. "Binti wa Embu, nilikukosea nini? Mume nilipoteza. Sasa miti pia unaninyang'anya na vidonge vyako?"

Watu wote walimgeukia Lenah. Alisimama, na yale yote aliyoyapanga njiani hakusema hata moja.

"Dawa haijui mpaka wa shamba," akasema. "Akiwa mkweli ingemchubua. Akiwa mwongo ingemchubua. Mimi nimesema juu ya ngozi yake tu. Juu ya miti sijui kitu, na nawaomba msichukue maneno yangu muyapeleke huko."

Makelele yakaanza, huyu anasema hivi, yule vile. Ndipo Kiambi akainuka, amejishikilia kwa bega la Makandi. Ngozi mpya ilikuwa na madoa meupe na mekundu, na sauti ilikuwa imepungua.

"Nyamazeni," akasema. "Mpaka niliusogeza mimi. Niliusogeza matanga ya mumewe hayajaisha. Nikiwa pale kwa majani ya ndizi nilijua sababu, na niliogopa kusema. Mukiri, chukua miti yako."

Jamani! Nilishika kichwa kwa mikono miwili. Miezi yote tangu hospitali nilikuwa nimemtetea Kiambi sokoni, nimegombana na wateja wangu kwa ajili yake, kumbe mjane alikuwa ameibiwa kweli. Mukiri alikaa chini akalia kwa sauti. Lenah alikwenda akamkumbatia, na nafikiri Lenah ndiye mtu pekee pale aliyefurahi kwa ajili ya mjane tu.

Lakini ua mzima ulikuwa umelipuka. Mnaona! Mnaona! Beberu hachezewi! Waliokuwa wameanza kusadiki habari ya dawa sasa walijicheka wenyewe. Mzee Runji alimjia Lenah, akamwambia taratibu, bila ubaya, "Wewe ulileta kidonge, binti. Lakini ni nani alikituma?"

Tukarudi kwa miguu. Tulipofika barabarani Lenah alisimama. "Sasa hakuna mtu ataniamini tena," akasema. "Wataendelea kumeza, na ngozi ikitoka watatafuta dhambi."

Kiambi alitakaswa. Kondoo alichinjwa, Kiambi akapakwa yaliyomo tumboni mwa kondoo huyo, akaoga, akala na Mukiri sahani moja. Jumapili alirudi kanisani, na watu wakampigia makofi.

Kisha baridi ya Julai ikaingia, na asubuhi moja nikiwa kwa Lenah, Makandi akafika. Alituamkia vizuri, akaulizia watoto wangu, akatoa salamu za Kiambi. Mzee wangu ana kikohozi tena, akasema, kilekile cha mwaka jana.

"Amesema nimchukulie zile zile. Za salfa."

Lenah alishika ukingo wa kaunta. "Makandi. Wewe mwenyewe uliniona kule hospitali. Tulimwambia nini?"

"Mlimwambia asimeze," Makandi akakubali kwa upole. "Lakini wakati huo alikuwa na kiapo. Sasa ameshatakaswa, daktari. Hazina neno."

"Zitamuua! Sio kuchubuka tena, ni kufa!"

Makandi alimtazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mgeni asiyejua desturi. Kosa lilikuwa la mume wake, amelikiri, limeisha. Kwa nini daktari aendelee kujilaumu? Hakutaka kugombana. "Basi usijali, mama," akasema. "Kama unaogopa kuniuzia, nitapitia pale stendi."

Lenah aliruka kaunta. Sijui kama mmewahi kumwona mfamasia mwenye koti jeupe akiruka kaunta. Alimshika Makandi mkono, akamkabidhi kwangu, akaniambia nisimwachilie hata akiniuma. Yeye akatoka mbio kutafuta bodaboda. Nilimketisha Makandi juu ya gunia la njahe, yale maharagwe meusi, nikampikia chai, nikamsimulia hadithi zisizo na mwisho.

Lenah alikuwa amekwenda kwa Mzee Runji. Haya yaliyosemwa huko alinisimulia baadaye mwenyewe. Alimkuta mzee akichambua miraa barazani, akamwamkia, akamweleza.

Runji alisikiliza mpaka mwisho. "Unataka mimi nimkataze kidonge?"

"Ndiyo, mzee. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia."

"Nimwambie ni nthenge? Na wewe huamini nthenge."

"Siamini."

"Na mimi kidonge chako siamini. Sasa unaniomba nidanganye?"

"Nakuomba useme asimeze. Sababu sema yako."

Mzee alicheka sana, akacheka mpaka akaweka miraa chini. Kisha akachukua bakora yake, akapanda nyuma ya bodaboda, na siku hiyohiyo akamtangazia Kiambi mugiro mbele ya mkewe na ndugu zake. Mugiro kwetu ni mwiko usiovunjwa. Mwili uliotakaswa, akasema, umefungiwa njia ambayo laana iliingilia. Salfa isipite kinywani mwake mpaka kufa. Popote atakapokwenda, autamke mwiko huo kabla ya kupokea dawa yoyote, la sivyo mlango utafunguka tena. Kiambi akaapa.

Lenah alirudi amechoka, uso umejaa vumbi. Nilimuuliza kama ameridhika. "Ataishi," akasema, "lakini mimi nimesomea nini?" Akaingia ndani kumwandalia dawa nyingine. Nilitaka kumfariji, lakini mimi pia nilikuwa najiuliza hivyohivyo.

Baada ya muda Kiambi alikuja dukani mwenyewe, mara ya kwanza tangu yale yote. Watu walikuwa wameanza kurudi, na siku hiyo palikuwa na foleni. Hakungoja zamu yake. Alisimama katikati, akakunja mikono ya shati, akaonyesha madoa yake kwa kila mtu.

"Wazazi wangu, mnaona hii ngozi? Mimi nina mugiro wa salfa. Nikiimeza nakufa. Kila kemisti nikiingia nasema hivyo kwanza. Na nyinyi dawa ikiwakataa msinyamaze kama mimi, semeni! Mimi nilinyamaza nikabaki mifupa. Mzee Runji ndiye aligundua."

Watu waliitikia, wengine wakajishika mikono kana kwamba inawawasha. Nilimtazama Lenah. Kinywa kilikuwa wazi. Mwaka mzima alikuwa amesema maneno hayohayo kwa kila mteja pale pale, wakamcheka.

Kisha Kiambi akainama kwenye kaunta, akashusha sauti ili asimwaibishe mbele ya watu. Alikuwa ameumia kweli, niliona.

"Lakini wewe daktari, na vile umesoma hivyo. Mbona hukuniambia?"

Mimi ndiye niliyetafsiri! Mimi, kwa Kimeru kisicho na kasoro, kando ya kitanda chake! Nilifungua mdomo nimpe yake yote, na Lenah akanikanyaga mguu kwa nguvu chini ya kaunta.

"Pole, mzee," akamwambia Kiambi. "Nilichelewa."

Akampa dawa ya kifua isiyo na salfa, akamweleza namna ya kuimeza, na Kiambi akatoka akimweleza mtu aliyekuwa mlangoni habari za mugiro wake.